Ng'ombe Katikati ya Duara

Watu wa Kabuchai walisema Levi ameajiriwa kufagia anga. Yeye hakukasirika, maana ukikasirikia kila mdomo wa Kabuchai utakufa na presha kabla mahindi hayajatoa ndevu. Alivaa koti lake la rangi ya chungwa linalong'aa, akaning'iniza filimbi shingoni, akashika bendera zake mbili, nyekundu na kijani, akapanda mlimani kwenye josho la zamani la kuogeshea ng'ombe kila siku droni ilipotarajiwa kutoka Kitale.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kando ya josho palikuwa na uwanja wa nyasi fupi, na juu ya nyasi palichorwa duara kubwa la chokaa lenye msalaba katikati. Droni ilileta dawa, chanjo na damu, vitu ambavyo barabara ya mvua ingevizuia siku nzima. Ilitua kwenye msalaba, ikaacha kasha, ikapaa. Lakini kabla haijatua, Levi alitakiwa aondoe kila kitu ndani ya duara: mbuzi, kuku, mlevi aliyelala, mahindi yaliyoanikwa na mtu aliyeona mahali pazuri pa bure. Akishatazama kwa macho yake mwenyewe, ndipo amwambie Lorna kwenye simu: uwanja uko wazi.

Lorna ndiye aliyeendesha zile droni kutoka Kitale, na ndiye aliyemfundisha Levi kazi kwa siku tatu. "Hii kitu iko na panga nne zinazunguka," alimwambia siku ya kwanza. "Haijui mtoto, haijui mbuzi. Wewe ndio macho yake. Siku ile utanidanganya, mtu ataumia." Levi aliyameza maneno hayo kama dawa.

Sasa, huko Kabuchai hakuna aliyemdharau Levi kumzidi mama mkwe wake, Rahab. Tena hakuwahi kumwambia hata neno moja. Angemwambiaje? Kwa desturi ya kwao, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawazungumzi ana kwa ana, hadi siku mkwe atakapotoa zawadi ya heshima na wazee waseme basi. Wakikutana njiani mmoja huingia kwenye miwa. Kwa miaka tisa Levi alikuwa ameingia kwenye miwa mara nyingi kuliko fuko. Dharau za Rahab zilimfikia kupitia kwa Emmy, binti yake, ambaye alikuwa posta ya watu hao wawili.

"Mama anauliza," Emmy alisema wakati mmoja akijizuia kucheka, "ati mwanamume mzima analinda nyasi, nyasi ikiibwa itaenda wapi?"

Swali hilo lilimchoma Levi. Lilimchoma hasa.

*

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua imenyesha siku nne mfululizo na daraja la chini limekwenda na maji. Emmy aliingia jikoni alfajiri na simu bado iko sikioni.

"Krismasi yuko kwa joto," alisema.

Levi aliweka kikombe chini. Krismasi alikuwa ng'ombe wa Rahab, mweupe na mweusi, aliyenunuliwa siku moja kabla ya Krismasi. Maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha Emmy na kaka yake Kevin baba yao alipofariki. Lakini sasa titi lilikuwa limekauka. Mara tatu alipandishwa, mara tatu mbegu ilifika imechelewa, joto limepita. Kevin, aliyekuwa akifanya kazi Kitale, alikuwa amechoka na hiyo hesabu. Alishamwita mchinjaji wa Kiminini, na yule mtu alikuja mara mbili kumpapasa Krismasi mbavu mbele ya mwenyewe. Siku ile ya pili Rahab hakula chakula cha jioni.

"Kevin amesema hii ndio ya mwisho," Emmy alisema. "Isiposhika, Jumatatu anapelekwa Kiminini. Mama analia, Levi. Mimi sijawahi kumsikia mama akilia kwa simu."

"Bethwel anasemaje?"

Bethwel alikuwa daktari wa mifugo wa eneo hilo, kijana wa kutoka mlima Elgon, mpole, mwenye pikipiki iliyochoka kuliko yeye.

"Amesema mtungi wake wa baridi umeisha, mbegu yote iko Kitale. Ameshaongea na Lorna. Droni inakuja saa nne na mbegu ya fahali. Bethwel ataichukua kwako, aipeleke kwa mama, apandishe. Ikipita saa sita basi tena."

Levi alisimama, akaenda kulitoa koti lake la chungwa kwenye msumari. Alilipangusa tope kwa kiganja, polepole, kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani.

"Nami natakiwa Bungoma na zile sare za shule," Emmy alisema. "Nikienda, nani atakuwa katikati yenu?"

"Katikati ya nani? Mama yako atakaa kwake na ng'ombe wake. Mimi nitakaa kwa uwanja wangu. Tutapatana wapi?"

"Nimemwambia hivyo. Asitoke. Amekubali."

Hapo ndipo walipokosea wote wawili, maana Rahab kukubali kitu kwa simu na Rahab kukifanya ni mambo mawili ambayo hayajawahi kukutana.

*

Saa nne kasoro robo ukungu ulikuwa umeinuka. Levi alifukuza mbuzi wawili, akaokota chupa moja, akazunguka duara mara mbili. Kote mlimani hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa imepumzika na kila mwenye jembe alikuwa shambani kwake akipalilia. Aliwaona kwa mbali, upande wa pili wa bonde, wadogo kama siafu.

Simu ikalia. "Niaje, Levi," Lorna alisema. "Imeruka. Dakika ishirini. Leo tunabeba bwana harusi."

Levi alicheka, akashuka hatua chache nyuma ya josho kufunga lango la miti, ndama wa watu wasije wakaingia. Miti ililegea, waya umekatika; alihangaika nayo. Alipokuwa akifunga fundo la mwisho alisikia ko! ko! ko! Jiwe juu ya mti. Akapanda mbio.

Lahaula. Katikati ya duara, juu ya msalaba wenyewe, alisimama Krismasi, akilia kwa ile sauti ya ng'ombe anayetaka mume. Na mbele yake, amepiga magoti kwenye nyasi, leso mbili kiunoni, Rahab alikuwa akigongelea kigingi ardhini kwa jiwe kubwa.

Levi aligeuka mara moja akatazama upande mwingine. Hakufikiri, miguu na shingo vilijua vyenyewe. Miaka tisa si mchezo.

Lakini tumtendee Rahab haki. Tangu azaliwe alijua jambo moja kuhusu ng'ombe: jike ndiye hupelekwa kwa fahali. Hujapata kuona fahali akibisha hodi kwa watu. Unafunga ng'ombe wako kamba asubuhi, unatembea naye hadi kwa mwenye fahali, unamfunga pale pale fahali anapotokea, na unasubiri kwa heshima. Sasa kama fahali huyu anatokea juu na kushukia kwenye ule msalaba, mtu mwenye akili amfunge ng'ombe wapi?

Levi alipuliza filimbi. Rahab aliendelea kugonga. Levi aliinua bendera nyekundu juu ya kichwa akiwa amempa mgongo, akaipunga kwa nguvu zote. Rahab aliiona, akafikiri ni jinsi watu wa ndege wanavyosalimiana, akaivua leso moja akaipunga naye.

Alimpigia Emmy. Simu ya Emmy ilikuwa imezimika. Alimpigia Bethwel. "Nimekwama kwa matope, bana!" Bethwel alipiga kelele. "Nimeacha pikipiki kwa mtu, nakuja na miguu! Dakika kumi na tano!" Namba ya Rahab hakuwa nayo. Mkwe awe nayo ya nini?

Simu ikalia tena.

"Levi, nakaribia," Lorna alisema. "Uwanja uko wazi?"

Wacha niseme ukweli: shetani alipita hapo. Alimwambia, sema ndiyo, mama atakimbia mwenyewe akisikia kelele. Levi alitazama bonde. Alikumbuka zile panga nne.

"Hapana," alisema. "Hauko wazi. Usilete. Iweke mbali kule juu ya miwa."

"Kuna nini?"

"Kuna ng'ombe na mtu."

"Si umtoe huyo mtu."

"Siwezi."

"Ni mlevi?"

"Ni mama mkwe."

"Sasa mama mkwe hana masikio?"

"Lorna, wewe huelewi haya maneno. Mimi siwezi kumwambia atoke. Siwezi hata kumtazama."

"Basi elewa hii yangu: betri inaniruhusu dakika tano. Zikiisha inarudi Kitale yenyewe, hata nikiilimbikizia maombi. Na mbegu inarudi nayo." Akapunguza sauti. "Jaribu, Levi. Tafadhali. Dakika tano."

Kwa mbali, juu ya miwa, Levi aliiona ile droni imesimama hewani, ndogo na nyeusi. Alifikiria Jumatatu. Alifikiria kamba ya Krismasi mkononi mwa yule mtu wa Kiminini, na Emmy akilia, na nyumba ile kimya bila ng'ombe. Akasogea hadi ukingo wa chokaa, akageuza mgongo, akawatazama wapaliliaji wa ng'ambo ya bonde, akakohoa.

"Krismasi," alisema kwa sauti kubwa.

Kugonga kukakoma.

"Krismasi, mimi nakuheshimu sana. Umesomesha watoto. Hata bibi yangu ni maziwa yako. Singekusemesha hivi kama haikuwa lazima." Jasho lilimtiririka. "Lakini hapo umesimama ni mahali pa ile ndege. Iko na jicho chini. Ikikuona hapo haitashuka, itarudi Kitale na huyo mume wako. Na ikishuka, itakukata. Wewe na... na mtu yeyote aliye karibu nawe. Tafadhali, mama. Namaanisha, tafadhali, ng'ombe. Ondoka, simama kule kwa mikaratusi. Fahali atakufuata huko huko. Hivi ndivyo kunafanywa siku hizi."

Krismasi alilia. Kisha sauti ikaja kutoka nyuma yake, sauti ambayo kwa miaka tisa alikuwa ameisikia tu ikipita ukutani.

"Krismasi," Rahab alisema, "muulize huyo mtu anayehubiria bonde: tangu lini fahali akamfuata ng'ombe?"

"Krismasi, mwambie anayeuliza kwamba fahali huyu hana miguu! Yuko ndani ya mtungi! Anabebwa na daktari!"

"Ndani ya mtungi?"

"Ndani ya mtungi, Krismasi! Na zimebaki dakika tatu!"

Levi alisikia kamba ikivutwa, nyasi zikisukwasukwa, mama mtu mzima akihema. Halafu sauti ile ile, safari hii bila maringo.

"Krismasi," Rahab alisema, "mwambie kigingi hakitoki. Nimekigonga sana. Na fundo limekaza."

Hapo Levi alifanya jambo ambalo wapaliliaji wa ng'ambo walilisimulia hadi sokoni Chwele, na wakalipamba, lakini mimi nawapa lilivyokuwa. Alianza kutembea kinyumenyume. Hatua kwa hatua, mgongo mbele, akavuka mstari wa chokaa, mikono ikipapasa hewa nyuma yake.

"Krismasi, mwambie aende kushoto," Rahab alisema. Alikuwa amejifunika leso usoni, akichungulia kwa tundu dogo. "Kushoto. Hapo. Hapana, hapo ni wewe mwenyewe, Krismasi, anakugonga matako. Mwambie arudi kidogo."

Kisigino kilikigusa kigingi. Levi aliinama akakishika kwa nyuma kwa mikono miwili, akavuta. Ardhi ilikuwa imekimeza. Akavuta tena akiguna. Kikatoka kwa mpigo mmoja na Levi akaenda nacho, akaketi kwa kishindo juu ya samadi mbichi ya moto.

Rahab alicheka. Hakuweza kujizuia, kicheko kilitoka tumboni kikamtikisa mabega, na leso ikateleza. Levi, amekaa kwenye samadi akitazama bonde, naye akaanza kucheka. Mkwe na mama mkwe wakacheka hivyo hivyo, wamepeana migongo, na ng'ombe katikati yao.

"Krismasi, kimbia!" Levi akakumbuka.

Rahab alikimbia na kamba. Mama wa miaka sitini na mbili! Alipofika kwenye mikaratusi alimfunika Krismasi macho kwa leso asiogope. Levi naye hakupiga simu kwanza, ingawa kidole kilikuwa kinamwasha. Alilizunguka duara lote kwa mbio, akatazama kila upande, akakitupa nje kigingi, akatoka nje ya mstari.

"Lorna! Uwanja uko wazi!"

"Sekunde arobaini," Lorna alisema. "Naleta."

Ikaja na mvumo wake, nyasi zikalala chini, ikatua juu ya msalaba taratibu kama kuku anayeatamia. Ikaliacha kasha. Ikapaa, ikageuka, ikaelekea Kitale. Kule mikaratusini Rahab alipiga vigelegele peke yake, akavipiga tena, na wapaliliaji wa ng'ambo wakamwitikia bila kujua wanashangilia nini.

Bethwel alitokea amejaa tope hadi magotini. Alifungua kasha, akatoa mtungi mdogo uliofuka moshi wa baridi, akachomoa kwa koleo kitu chembamba kama mrija wa kalamu.

Rahab alisogeza uso karibu. "Fahali mwenyewe ndiye huyu?"

"Ndiye huyu, mama."

"Huyu? Mwembamba hivi?" Akamtazama Krismasi kwa huruma. "Haya, mwanangu. Vumilia."

*

Jioni Levi alijaza fomu ya siku. Palikuwa na mahali pa kuandika kilichochelewesha droni: mnyama, mtoto, gari, hali ya hewa, mengineyo. Kwenye mengineyo aliandika: mama mkwe. Kesho yake Lorna alimpigia, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wanaocheka.

"Levi, ofisi nzima imesoma," alisema. "Lakini nisikilize. Tumekaa chini tukafikiri. Sisi tulipima upepo, tukapima betri, tukapima mlima. Hatukuuliza watu. Ungenidanganya jana, yule mama angekuwa wapi leo?"

Baada ya wiki mbili likaja agizo. Kila uwanja utakuwa na walinzi wawili, mwanamume na mwanamke, wasiozaliwa ukoo mmoja. Na popote wanapochora duara jipya, hata kule juu mlima Elgon, kabla ya chokaa wawaulize wenyeji: hapa kwenu, nani hawezi kumwambia nani aondoke? Lorna alisema swali hilo limeleta majibu mengi hata karatasi haitoshi. Emmy akapewa koti la chungwa. Lilimkaa vizuri kuliko la mumewe, na alilijua hilo.

Jumatatu ile mchinjaji wa Kiminini alikuwa amekuja na kamba. Rahab alimpa uji, akamwambia arudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu zilipita, Krismasi hakurudia joto. Bethwel alipompima baada ya miezi mitatu alitoa mkono wake akatabasamu tu, na Rahab akaketi chini papo hapo kwenye nyasi akaimba wimbo wa kanisa, beti zote.

*

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, jua kali, mashamba yakisubiri kulimwa, Emmy alipokea simu. Krismasi amezaa. Jike! Mweupe na mweusi, na doa kwenye paji. Ameitwa Kitale, kwa sababu ndiko baba yake alikotoka.

"Na mama anakutaka," Emmy alisema.

"Anamtaka nani?"

"Wewe, Levi. Amesema uje nyumbani. Mzee Eliakim yuko hapo."

Mzee Eliakim alikuwa shemeji yake Rahab, mkubwa wa boma lile. Levi alivaa shati la kanisani, akafika langoni akasimama kama kawaida yake, ametazama ua. Ndani Kevin alikuwa amekuja kutoka Kitale, naye alikuwa amemshika ndama bila kusema neno kuhusu Kiminini.

"Ingia," Mzee Eliakim alisema. "Tumekaa, tumepima hili jambo. Mkwe hutoa zawadi kwa mama mkwe ndipo mikono ifunguke. Mwingine hutoa blanketi. Mwingine mbuzi. Wewe miaka tisa hatukuona kitu, tukasema huyu ni mtu wa kulinda nyasi." Akacheka. "Lakini katika ukoo huu, nani mwingine amemletea mama mkwe fahali akipita hewani? Na akakaa kwenye samadi kwa ajili yake? Wazee wamesema imetosha. Imehesabiwa."

Levi alishindwa pa kuyaweka macho. Aliyaweka kwa ndama, kwa mlango, kwa viatu vyake. Akasikia miguu ikija uani, na miguu ile ikasimama mbele yake, karibu kuliko ilivyowahi kusimama. Akainua uso. Ndipo alipogundua kwamba Emmy amechukua macho ya mama yake, yale yale, na kwa miaka tisa yeye hakujua.

Rahab alikuwa amenyoosha mkono.

"Levi," alisema, na ng'ombe hakuwa katikati. "Uwanja uko wazi?"

Levi alitazama kushoto, akatazama kulia, kama alivyofundishwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali.

"Uko wazi, mama," alisema, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili.